Premio ya cc 1500 itapanda Kitonga?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Morogoro. Tunatafuta Toyota Premio ya mwaka 2010. Shemeji anashikilia ya cc 1500 kwa kuwa haili mafuta, mume wangu anataka ya 1800. Kila Desemba tunakwenda Iringa, watu watano na mabegi. Hiyo ya 1500 itapanda mlima Kitonga? Na gia ya CVT, mbona watu wanaiogopa?

JIBU: Salama, dada. Kupanda itapanda, ila italia. Injini ya 1500 ina nguvu farasi kama 110, na gari lenyewe likiwa tupu lina kilo karibu 1,200. Ongeza watu watano, buti lililojaa, AC, na vitunguu mtakavyoshawishika kununua Ruaha Mbuyuni wakati mlima wenyewe bado uko mbele. Mtafika, lakini kuovateki lori pale msifikirie. Ya 1800 ina zaidi ya farasi 130, na inavuta vizuri bila kukanyagwa hadi mwisho. Kwa mafuta, wateja wangu wanaona tofauti ya kilomita moja au mbili kwa lita, basi. Kama gari lingekuwa la kuzunguka Msamvu na shule tu, ningekuwa upande wa shemeji. Kwa safari zenu, baba watoto kasema kweli.

Sasa hiyo CVT, ambayo kwa maoni yangu ni suala kubwa kuliko cc. Ndani yake hakuna namba moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazojibana na kujitanua. Ndiyo maana mlimani injini hunguruma kwa sauti ileile huku mwendo ukiongezeka taratibu. Wengi huja gereji wakidhani gia inateleza, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Kinachoiua ni oili. Mkanda unazishika puli kwa msuguano, na oili ya CVT imetengenezwa kwa ajili ya mshiko huo. Fundi akimimina ATF, yaani oili ya gia otomatiki za kawaida, kwa sababu ni rahisi, mkanda unateleza na kukwangua puli. Hapo hakuna cha kuchonga, mnanunua gia boksi nyingine.

Kwa hiyo nendeni kulikagua gari asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Weka D, kisha R: likichelewa kushika au likipiga kishindo, achaneni nalo. Kisha liendesheni polepole, kilomita 20 hadi 40 kwa saa, kwenye kamlima kokote. Likitetemeka kama linapita kwenye matuta na barabara ni laini, msikubali maneno ya "litakaa sawa ukibadilisha oili". Na muuzaji akikataa msilijaribu mlimani, mshukuruni, mrudi nyumbani.

Spesa, vile vipande vya kuliinua gari, msiweke kabla hamjaliendesha mwezi mzima.