Muulize Mama Kontua: Simu inajua umekosa, haijui kwa nini

Barua za mwezi huu karibu zote zina jambo moja: programu za mazoezi ya jiografia mtandaoni, zile ambazo ukipata swali zinakuletea gumu zaidi, ukikosa zinalegeza. Nimechagua nne. Waliotaka niwatajie programu iliyo bora kuliko zote wataniwia radhi, sitangazi biashara ya mtu. Na aliyeniuliza kama nilifundisha "enzi za mkoloni" ajue kwamba bado nina meno yangu yote.

Shikamoo Mama Kontua. Niko kidato cha tatu hapa Lindi mjini. Jioni mjomba huniazima simu nafanya mazoezi. Kwenye kusoma ramani napanda vizuri, lakini nikifika mada ya longitudo na saa, programu inanipa maswali magumu mawili matatu, kisha inanirudisha kwenye ya kitoto. Nayapata yote, inanipandisha, naanguka tena. Siendi mbele wala nyuma. Programu ni mbovu, au ni mimi? Nimeambatanisha maswali manne na majibu yangu. (Binti wa Lindi)

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuniletea na majibu uliyoyakosa. Wengi huniandikia asilimia tu, na kwa asilimia mimi sina la kusema.

Programu si mbovu. Baadhi ya programu hizi zinatumia hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, kwa ajili ya kupanga madaraja ya wachezaji wa sataranji. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliikubali mwaka 1970. Wewe chukulia bao: ukimfunga fundi wa mtaa mzima, jina lako linapaa; ukimfunga anayejifunza, hakuna anayeshtuka. Kwenye simu yako, wewe ni mchezaji na swali nalo ni mchezaji, kila mmoja ana pointi zake. Mkilingana, unatarajiwa kulipata nusu ya mara zote. Ukilizidi kwa pointi 200, hesabu ya Elo inakutarajia ulipate kama mara 76 katika 100. Ukipata lisilotarajiwa unapanda sana, na swali linashuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, walitengeneza mazoezi ya ramani yanayofuata njia hiyo: programu inakisia uwezekano wako wa kulijua jibu, kisha inachagua swali linalokufaa.

Sasa angalia kilichoko ndani ya hesabu hiyo: umepata au umekosa. Sababu ya kukosa haimo. Hapo ndipo ulipokwama, na majibu yako manne yanaonyesha wazi.

La kwanza, Greenwich, yaani longitudo sifuri, ni saa 6 mchana, longitudo 45 Mashariki ni saa ngapi? Umejibu saa 9 alasiri. Sawa. La pili, longitudo 30 Mashariki ni saa 6 mchana, 75 Mashariki je? Saa 9 alasiri, sawa tena. La tatu, 30 Mashariki ni saa 12 jioni, 90 Magharibi ni saa ngapi? Umeandika saa 8 mchana. La nne, 45 Mashariki ni saa 6 mchana, 15 Magharibi je? Umeandika saa 4 asubuhi. Haya mawili ndiyo yaliyokuangusha.

Nimefuata nyayo zako. Katika la tatu umetoa 30 kwenye 90, ukabaki na 60, ukagawa kwa 15, maana kila nyuzi 15 ni saa moja, ukapata saa 4, ukazirudisha nyuma. Kugawa unajua. Kwamba magharibi wako nyuma yetu, unajua. Ila umetoa pale pa kujumlisha. Kutoka 30 Mashariki kwenda 90 Magharibi lazima uvuke sifuri: nyuzi 30 za kufika Greenwich, kisha 90 za kwenda mbele yake, jumla 120. Gawa kwa 15, ni saa 8. Kutoka saa 12 jioni rudi nyuma saa 8, ni saa 4 asubuhi. La nne ni kosa lile lile: 45 na 15 ni 60, saa 4 nyuma, jibu ni saa 2 asubuhi. Wewe ulitoa ukabaki na 30.

Programu imeona makosa mawili ya mada ya saa, ikakuletea maswali mepesi ya mada ya saa. Na mepesi ni yapi? Ni yale ambayo sehemu zote mbili ziko upande mmoja wa Greenwich, ambako kutoa ndiko sahihi! Unayapata, inakusifu, inakupandisha, unakutana na sifuri tena, unadondoka. Utazunguka hapo hadi mjomba achoke.

Dawa yake ni daftari. Chora mstari mmoja mrefu, sifuri katikati, mashariki kulia, magharibi kushoto. Kila swali la saa, weka alama mbili kwenye mstari kabla hujagusa namba. Zikiwa upande mmoja, toa; zikiwa pande mbili, jumlisha. Halafu kila unapokosa, kabla hujabonyeza pale pa kusoma maelezo, andika sentensi moja: nilifikiri hivi. Baada ya maelezo utajifanya ulikuwa unajua, kwa hiyo iandike mapema. Na kwa kuwa programu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, fanya hesabu yote kwa saa zake, uje kwenye saa zetu mwishoni kabisa. Ukichanganya njiani utapotea.

Zoezi la kujipima bila bando: Mtwara iko karibu na longitudo 40 Mashariki, Kigoma karibu na 30. Jua linatangulia kwetu Mtwara kwa muda gani? Nyuzi 10, kila uzi dakika 4, ni dakika 40. Saa za ukutani zinalingana kwa sababu nchi nzima tunafuata longitudo 45, ambayo hata haipiti Tanzania Bara, iko baharini huko. Ndiyo maana kwa wastani jua la utosi kwetu Mtwara linafika kama dakika 20 baada ya saa 6 mchana. Simamisha kijiti uwanjani uangalie kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Dakika zitapishana kidogo kwa miezi, usiogope.

Mwalimu, salamu. Mimi ni mkulima wa korosho, Masasi. Kijana wangu wa kidato cha pili anamaliza bando kila siku, anasema anasoma jiografia. Nikichungulia naona nyota, makombe na fataki. Nyota anazo nyingi kuliko wenzake, lakini mtihani wa muhula kapata D. Nimnyang'anye simu? (Baba wa Masasi)

Baba, usimnyang'anye kabla hujampima. Kipimo hiki hakihitaji uwe umesoma. Mwambie afungue swali alilolipata jana, ziba kwa kiganja yale majibu manne ya kuchagua, kisha mwambie ajibu. Akijibu, anasoma. Akisema "toa mkono kwanza nione," anachagua tu. Swali la majibu manne, hata anayebonyeza amefumba macho hulipata mara moja katika nne, na programu nyingine hazina namna nzuri ya kutofautisha bahati na maarifa. Nyota zimewekwa ili mtoto arudi kesho. Hazisahihishi mtihani.

Kisha mtoe nje. Hapo Masasi mmezungukwa na milima ya mawe iliyosimama peke yake juu ya nchi tambarare, na watoto wa nchi nyingine wanaiona kwenye picha tu. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka kusini mwa Tanzania, akaieleza milima ya aina hiyo katika kazi aliyoichapisha mwaka 1900, na hadi leo wanajiografia duniani wanaiita milima ya namna hiyo kwa jina lake. Muulize kijana: kwa nini huu umebaki na pembeni pamesawazika? Akuambie kwamba mwamba mgumu usio na nyufa nyingi ulistahimili, na ule wa pembeni uliooza kwa maji na joto ukachukuliwa na mmomonyoko kwa miaka mingi sana. Akikueleza wewe ukaelewa, mnunulie bando. Na azizime video zinazojicheza zenyewe na picha za setelaiti, hizo ndizo zinazokula bando. Maswali ya maandishi hula kidogo.

Shikamoo Mama. Ni mwalimu mpya wa jiografia, Newala. Darasa langu ni kubwa, simu za kupangusa ni chache, umeme ni wa kubahatisha. Nimeona programu hizi zinavyofanya kazi, nikatamani niachane na kusahihisha insha, wanafunzi wafanye mazoezi ya kuchagua tu hadi mtihani wa taifa. Unanishauri nini? (Mwalimu kijana)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Tamaa ya kukwepa kusahihisha insha naielewa sana. Lakini usiikubali.

Programu inafaa kwa vitu vyenye jibu moja: namba za gridi, skeli ya 1:50,000 ambayo sentimita 2 ni kilomita 1, mteremko, wastani na grafu, majina ya sehemu kwenye ramani. Huko iache ifanye kazi, maana inarudia bila kununa. Na kama simu hazitoshi, unaweza kufanya karibu kazi ile ile kwa karatasi. Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwanahabari, alieneza njia ya masanduku na kadi: kila kadi ina swali mbele na jibu nyuma. Ukilipata, kadi inahamia sanduku linalofuata, ambalo hufunguliwa kwa nadra zaidi. Ukilikosa, inarudi sanduku la kwanza. Maboksi ya viatu yanatosha. Wanafunzi wawili wawili, mmoja anashika kadi. Kanuni iliyo chini yake ni ya zamani zaidi: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha mwaka 1885 jinsi anavyosahau, na ikaonekana kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashinda kurundika siku moja. Hiyo ndiyo akili iliyomo ndani ya programu nyingi, isipokuwa simu inakuhesabia.

Ila "eleza sababu" ni kazi nyingine. Nani atamsahihisha mwanafunzi wako anapoeleza kwa nini Newala, yenye mvua ya kutosha, ililia maji kwa vizazi? Anatakiwa aunganishe mambo: uwanda wa juu wa Makonde una udongo wa kichanga unaokunywa mvua, mito ya juu haipo, maji yanatokeza chini kabisa kwenye mabonde, watu wako juu. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kupanda mlima, na pampu inataka nishati na fedha. Mnyororo huo hauchaguliwi kwa A, B, C au D. Mwanafunzi anaweza kuijua kila pete yake na bado ashindwe kuiunga.

Au mpe ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Karanga zikashindikana, reli ikang'olewa baadaye, bandari tunayo. Waambie waeleze mradi ulishindwa kwa nini, na kwa nini bandari ilibaki na reli ikaondoka. Huhitaji insha ndefu: aya moja kila wiki, sahihisha kumi kwa zamu, nyingine wabadilishane wenyewe kwa mwongozo ulioandika ubaoni. Nimekaa na mafurushi ya karatasi za kusahihisha miaka mingi, najua unachokimbia.

Jambo moja zaidi. Wale wachache wenye simu wakikuletea skrini zenye makosa, usiwasomee jibu. Waulize walifikiri nini. Ukikuta darasa zima limetanguliza namba za kaskazini kabla ya zile za mashariki kwenye gridi, hapo umepata somo la kesho asubuhi, na programu imekufanyia kazi uliyoitaka.

Mama Kontua, niko kidato cha sita Mtwara. Programu imeniuliza Julai ni majira gani, nikajibu kipupwe, ikasema nimekosa: ni kiangazi chenye joto. Kisha ikasema kimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Nishike lipi? (Mkazi wa Shangani)

Programu yako imeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kaskazini mwa ikweta, na haikukuambia. Soma swali lote. Kama limetaja Chicago au London, Julai yao ni ya joto, jibu hivyo. Kama halikutaja pahala, swali ni bovu. Libonyeze pale pa kuripoti kasoro, usikubali likupunguzie imani. Sisi tuko karibu latitudo 10 Kusini, Julai ni kusi na ubaridi wa asubuhi, na mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili hivi.

Kimbunga nacho hufuata upande wa ikweta. Kaskazini huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kusini hufuata mwendo wa saa, kwa sababu mzunguko wa dunia huupinda upepo kulia kaskazini na kushoto kusini. Kenneth, kilichotua kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019 huku Mtwara tukiwa kwenye tahadhari, na Hidaya cha Mei 2024, vyote vilizunguka kufuata mwendo wa saa. Kwenye mtihani wa taifa taja ni kizio kipi, yaani nusu ya dunia ya kaskazini au ya kusini, unachozungumzia kabla ya kutaja mwelekeo, na chora mishale.