Kabla Hujakiri Kosa katika Mahakama ya Marekani

Mimi si wakili. Ni mkalimani ninayewatafsiria wenzetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania katika mahakama za Marekani, na dakika zinazonitia hofu zaidi si za hukumu bali ni zile za kukiri kosa. Hakimu huuliza maswali mfululizo: umeelewa, umeshurutishwa, umezungumza na wakili wako? Mshtakiwa aliyelelewa kumstahi mkubwa huitikia "ndiyo, mheshimiwa" kila mara, nami siruhusiwi kuongeza neno langu hata moja.

Kijana mmoja alikiri wizi, kosa kubwa la jinai, kwa kuwa aliahidiwa kifungo cha mwaka mmoja ambacho kingesimamishwa, asilale jela hata usiku mmoja. Mama yake alilia kwa furaha kwenye korido. Kumbe sheria ya uhamiaji huhesabu kifungo kilichotamkwa, hata kama hakitatumikiwa, na wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja huwekwa katika kundi la makosa mazito ambayo humwondoa nchini hata mwenye ukaazi wa kudumu. Siku 364 zisingemwingiza katika kundi hilo.

Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyeishi Marekani zaidi ya miaka 40 na kulitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam, naye aliambiwa na wakili wake asiwe na wasiwasi. Kutokana na kesi yake, mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja iwapo kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwa hiyo dai haki hiyo: muulize, mkalimani akiwepo, kosa litaandikwa kwa jina gani, kifungo ni siku ngapi, na watu wa uhamiaji watalichukuliaje. Akikujibu "usijali" tu, omba muda wa kumwona wakili wa uhamiaji.

Aliyekwisha kuwa raia hafukuzwi kwa kosa la namna hiyo, lakini hupoteza haki ya kumiliki bunduki, na katika majimbo mengi, ingawa si Maine wala Vermont, hupoteza kura akiwa gerezani.

Mara moja tu nimemsikia mama mmoja akijibu, "Hapana, mheshimiwa, hapo sijaelewa." Hakimu hakukasirika, aliahirisha shauri kwa wiki mbili, na waliporudi fomu ilisomeka siku 364.