Kwa nini mabawa yanapiga lakini chombo hakisongi mbele?

SWALI: Ndugu mhandisi, mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Nimeunda chombo kidogo kinachoruka kwa kupiga mabawa, chenye mota ya betri na mabawa ya ubao mwembamba, sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha. Nikikitundika kwa uzi na kuwasha mota, kinarukaruka juu na chini bila kwenda mbele. Ndege hufanyaje ili bawa linapopanda lisimrudishe chini kwa kiasi kilekile alichoinuliwa liliposhuka? Na je, chombo cha aina hii kinaweza kukuzwa hadi kikabeba mtu?

JIBU: Tatizo lako limo katika ule ubao. Wengi hudhani kwamba ndege hupiga kasia hewani, yaani huisukuma hewa nyuma kwa bapa la bawa, kisha hulirudisha bawa juu likiwa limekunjwa. Dhana hiyo ina ukweli kidogo kwa ndege anayeanza kuruka kutoka tawini, lakini aliyekwisha kushika mwendo hasongi mbele kwa njia hiyo.

Chukua ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde, akipiga mabawa mara 5 kwa sekunde, ncha ya bawa ikishuka sentimita 40 katika kila pigo. Ikiwa nusu ya pigo ni ya kushuka, mshuko mmoja huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo ncha hushuka kwa wastani wa mita 4 kwa sekunde. Kwa ncha hiyo, upepo hautoki mbele moja kwa moja. Unatoka mbele na chini, kwa pembe ya nyuzi 22 hivi. Nguvu ya kuinua husimama mraba (yaani kwa pembe ya nyuzi 90) na upepo unaolikabili bawa, wala si mraba na ardhi, na ndiyo sababu nayo huinamia mbele kwa nyuzi hizohizo 22. Ukiigawa, utaona kwamba sehemu yake ya kwenda mbele inafikia asilimia 37, ilhali sehemu ya wima bado ni asilimia 93. (Usishangae jumla kupita 100, hizi ni vekta, yaani nguvu zenye mwelekeo, na hazijumlishwi kama namba za kawaida.) Karibu na kifua bawa hushuka kidogo tu, hivyo hapo linafanya kazi kama bawa la eropleni la kawaida, na kadiri unavyoelekea nchani ndivyo linavyogeuka kuwa rafadha, yaani pangaboi la kuvuta chombo mbele. Jambo hili walilieleza wataalamu wa mwendo wa hewa Richard Knoller mwaka 1909 na Albert Betz mwaka 1912, kila mmoja kwa upande wake.

Sasa rudi kwenye ubao wako. Mabawa mengi hupoteza nguvu ya kuinua pale upepo unapoyakabili kwa pembe inayozidi nyuzi 15 hivi, kwa sababu hewa inayopita juu yake hubanduka. Bawa lisilosokotika, likikabiliwa na upepo wa nyuzi 22, limekwisha kupita mpaka huo, na linachozalisha kwa wingi ni ukinzani, yaani nguvu ya hewa inayozuia mwendo. Ndege hulisokota bawa lake: linaposhuka, ukingo wa mbele huinama, zaidi nchani kuliko karibu na kifua, mpaka pembe iliyobaki kati ya bawa na upepo iwe ndogo. Linapopanda, msokoto hugeuka upande wa pili, kifundo hukunjika, na eneo la sehemu ya nje hupungua ili isibebe mzigo mkubwa, huku sehemu ya ndani ikiendelea kuinua kwa sababu bado inapata upepo wa mwendo. Kwa hiyo pigo la kupanda halifuti lililofanywa na pigo la kushuka: yote mawili hutumia upepo wa mbele, ambao chombo chako kilichotundikwa hakina kabisa. Bila mwendo, ubao husukuma hewa chini, kisha juu, kwa nguvu zilezile.

Nakushauri ubao uuondoe. Weka fito moja ngumu ya kaboni kwenye ukingo wa mbele, na nyuma yake utandaze karatasi ya plastiki nyepesi, iliyofungwa kwenye kiwiliwili na kuachwa na ulegevu kidogo upande wa nyuma. Fito ikishuka, plastiki itachelewa na ukingo wa nyuma utabaki juu. Ikipanda, itakuwa kinyume chake. Msokoto utapatikana bila mota ya ziada, na chombo kitavuta mbele hata kikiwa kimetundikwa. Hata hivyo, kipime pia mbele ya feni. Zidisha idadi ya mapigo kwa sekunde na umbali ambao ncha hushuka katika pigo moja, kisha gawanya kwa kasi ya upepo. Ndege na wadudu wengi wakiwa katika mwendo wa kawaida huangukia kati ya 0.2 na 0.4, ndege wa mfano wetu ana 0.2. Ukipata 1, unapoteza umeme kwa kuikoroga hewa.

Kuhusu kubeba mtu, kizuizi kikubwa ni uzito wa bawa lenyewe, kwa kuwa lazima lisimamishwe na kugeuzwa mara mbili katika kila pigo. Ukirefusha bawa mara mbili bila kubadili umbo wala malighafi, uzito wake unakuwa mara 8, na ugumu wa kulizungusha unakuwa mara 32. Ndege wenyewe wameonja kizuizi cha ukubwa: tandawala mkubwa wa mbuga zetu, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 15, hupendelea kutembea kuliko kuruka. Tarehe 2 Agosti 2010 huko Kanada, Todd Reichert wa Chuo Kikuu cha Toronto alikirusha chombo kiitwacho Snowbird kwa nguvu ya miguu yake kwa sekunde 19.3, umbali wa mita 145. Mabawa yake yalikuwa na mita 32, na gari ndilo lililokivuta hadi kikapaa. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kwa maoni yangu inaonyesha kwamba kwa ukubwa huo rafadha, ambayo haigeuzi mwelekeo wake, ni chaguo bora. Kipimo kinachokufaa zaidi ni SmartBird, iliyotolewa na kampuni ya Festo ya Ujerumani mwaka 2011 kwa kumwiga shakwe: mabawa ya mita 2, uzito chini ya nusu kilo, na mota ndogo zinazosokota sehemu ya nje ya bawa katika kila pigo.