Usiandike hiyo barua kabla hujapima maji kiangazi

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema bonde lenu lina wakulima wengi, kisima kimechoka, na wiki hii baada ya mvua mmepanda mlimani mkakuta chemchemi "inatoka kama mto", sasa mnataka kuandika andiko la kuomba mradi. Umeuliza barua inaandikwaje, kamati iwe na watu wangapi, na bomba liwe la plastiki au la chuma. Na kiangazi mmepima lini?

Sisi tulipima masika. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 4, yaani lita 5 kwa sekunde. Mtaalamu tuliyeletewa akapiga hesabu kwenye simu palepale: zaidi ya lita 400,000 kwa siku, nyumba na mashamba yote yatatosheka. Vigelegele! Tukachanga, tukachimba mtaro kwa majembe miezi mitatu, maji yakashuka kwa mserereko mpaka mashambani. Pesa ya tangi tukaimalizia kwenye mabomba ya kumwagilia, maana alituambia maji mengi namna ile hayana haja ya kuhifadhiwa.

Kiangazi kikaja. Nikapanda kwenye banio, pale tulipokingia maji ya chemchemi yaingie bombani, na ndoo ile ile. Sekunde 40. Nikarudia mara tatu, nikaigeuza nikatazama kama imetoboka. Haikutoboka. Nusu lita kwa sekunde, lita 43,200 kwa siku nzima. Sasa fikiria: mboga kwenye jua kali zinaweza kunywa milimita 5 kwa siku, na milimita 1 juu ya hekta moja ni lita 10,000. Hata hekta moja hayaitoshi! Na sisi tulikuwa tumepanda nyanya bonde zima, ndiyo kwanza zinatoa maua. Wa juu wakawa wanafungulia usiku, wa chini wakifungua koki inakoroma tu, inatoa upepo. Watu waliochimba mtaro mmoja wakakunjana mashati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maji yale yale, kwa lita 20 kila mtu, yangewatosha watu 2,000 majumbani, kama tungekuwa na tangi la kukusanya yanayotiririka usiku kucha. Pesa ya tangi ilishaishia kwenye nyanya.

Yule mtaalamu sijamsamehe. Asingeshindwa kujua kwamba chanzo hupimwa kikiwa kimepungua kabisa. Alikuwa na haraka ya kukabidhi ripoti. Kulikuwa na bibi mmoja aliyesimama mkutanoni akasema kiangazi pale huwa anakinga kwa kata, anasubiri mpaka miguu inakufa ganzi. Akaambiwa aketi, wataalamu wanaongea. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Kwa hiyo subirini wiki za mwisho za kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza. Zibeni pembeni kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yote yapite kwenye kipande kimoja cha bomba, kingeni kwa ndoo mnayojua ujazo wake, hesabuni sekunde. Rudieni mara tano, asubuhi na jioni, siku kadhaa, na muandike tarehe. Waulizeni wazee mwaka wa ukame mkali yalifika wapi. Toeni sehemu ya kuendelea kushuka kwa walio chini yenu, maana nao wanaishi. Kinachobaki kigawieni vinywa kwanza, mifugo baadaye, shamba mwisho. Nambari hiyo, hata ikiwa ndogo ya kutia huruma, ndiyo ikae ukurasa wa kwanza wa andiko.

Bomba: kila mita 10 za kimo ambazo maji yanashuka, yakiwa yamesimama bombani, huongeza karibu baa moja (kipimo cha presha), kwa hiyo pimeni kimo kwanza, ndipo mchague bomba litakalohimili presha hiyo. Kamatini wawekeni akina mama wanaochota kila siku.

Kiangazi kwenu kinaisha mwezi gani? Ukishapima niletee hizo sekunde hapa, tupige hesabu pamoja kabla hujatuma chochote.