Ukicheza raga na mimi, usiniambie "nipo njiani"

Afadhali nikabwe shingoni kuliko kupigiwa simu ya "nipo njiani". Mtu anakwambia yupo Mabatini, hapa Mwanza, anakaribia uwanjani, na nyuma ya sauti yake unasikia maji yakimwagwa kwa kopo. Bado anaoga! Skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira, kwenye raga ya watu 15 inataka wanane kila upande. Wakija sita, mnabaki kurushiana pasi mpaka jua linazamia ziwani. Ushauri wangu kwa manahodha: muda ukifika, anzeni na waliopo. Aliyechelewa akae pembeni mpaka zoezi jipya lianze. Kumfokea kunakula muda wa waliowahi.

Halafu kuna wa "kaka, niazime kinga ya meno". Hivi unajua ile kitu inavyotengenezwa? Unaichovya kwenye maji ya moto, unaing'ata, inashika umbo la meno yako wewe. Kwa mwingine inacheza cheza tu. Nimeshuhudia mtu akiichomoa kwenye soksi, akaisuuza kwa maji yaliyobaki chupani, akampa mwenzake, na huyo akaitupia mdomoni huku anacheka. Aisee! Kama huna yako, siku hiyo cheza raga ya kugusana tu, isiyo na kukabana.

Lakini hayo yote ni madogo. Linalonitoa kabisa kwenye mstari ni mchezaji kugongwa kichwani, kisha watu wa pembeni wanamwagia maji na kumwambia "amka, wewe mwanaume". Wanamwonyesha vidole, wanauliza ni vingapi, akijibu viwili wanamsukuma arudi. Maji hayatibu ubongo uliotikisika, na mtu anaweza kuhesabu vidole vizuri huku hajui hata matokeo. Kwenye raga, shaka peke yake inatosha: anatoka, na siku hiyo harudi. Kwa sisi wa ridhaa, mwongozo wa kimataifa unataka zipite angalau siku 21 kabla ya kucheza mechi, na kurudi kwenyewe ni kwa hatua, si kuamka siku moja na kuvaa njumu. Jioni hiyo asiachwe peke yake na asiendeshe pikipiki. Akitapika, akianza kusinzia ovyo, au kichwa kikizidi kuuma, mkimbizeni hospitali, msisubiri asubuhi. Na wewe uliyegongwa ukijisikia vibaya, sema. Hakuna kombe la mtaani linalostahili kichwa chako.

Kumzonga mwamuzi nako tumekuleta kutoka kwenye soka. Huku anayezungumza naye ni nahodha. Ukibwabwaja, penati inasogezwa mita 10 kuelekea kwenu, na wenzako ndio wanaolipa. Kwa hiyo mkichagua nahodha, msiangalie mwenye sauti kubwa. Tafuteni anayeweza kumeza hasira.

Nje ya uwanja, kero yangu ni mwili wangu kugeuzwa mali ya umma. Nikifika stendi ya Nyegezi, konda ananitaka nipandishe magunia juu ya gari. Eti "si una mwili, bosi". Nikikaa kwenye daladala, jirani ananung'unika kwamba nimekula siti mbili, kana kwamba nimeyanunua mabega kwa makusudi. Hapo huwa nacheka tu, yanapita.

Ndugu ndio hawapitiki. Shangazi akihamia nyumba ya juu kwenye mawe, kule ambako gari linaishia chini na wewe unapanda kwa miguu, wa kwanza kupigiwa simu ni mimi. "Mwanangu, kuna kifriji kidogo tu." Huwezi kumkatalia shangazi, ila unaweza kumwekea masharti. Shikamoo kwanza, halafu: friji liwe limetolewa vyakula na mlango umefungwa kamba, tupatikane watu wawili wazima, na wote tuvae viatu, si ndala. Uzito unachukuliwa na miguu, mgongo unabaki umenyooka. Mlimani, aliyeshika upande wa chini ndiye anayelemewa zaidi, kwa hiyo kabla sijashika chochote nauliza mbele ya shangazi: chini anakaa nani?