Mpwa wangu, shamba la Muheza lisiuzwe

Mpwa wangu, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema kuna wakala Dar anataka milioni kumi na mbili akupe kozi, kisha uje huku Uingereza kuunga kebo za mitambo ya upepo baharini, ulipwe kwa siku mshahara wa mwezi wa huko. Na mama yako ameshakubali shamba liuzwe. Nimekasirika sana, ila hasira zangu si kwako.

Kazi ipo, na mtu akiwa kazini analipwa vizuri. Hilo sikufichi. Habari za baridi umezisikia kwa kila mtu. Mimi nakwambia habari za karatasi, maana ndizo zinazotutesa, na ndizo anazokuuzia huyo bwana.

Cheti cha kozi hiyo kinaitwa GWO, kifupi cha Global Wind Organisation, shirika la kampuni za mitambo ya upepo. Ni cha usalama: huduma ya kwanza, moto, kubeba mizigo, kazi za juu, kujiokoa baharini. Hakikufanyi fundi, na kinadumu miaka 2 tu. Ukikipata leo bila mwajiri, kitakwisha muda kikiwa kabatini. Wala hakihusiani na viza. Zamani kulikuwa na kanuni maalumu iliyowaruhusu wageni kufanya kazi kwenye meli za mitambo hiyo katika maji ya Uingereza bila viza ya kazi. Ilikoma tarehe 30 Aprili 2023. Wakala wako anauza mlango uliokwisha kufungwa.

Halafu ufundi wenyewe. Nilifika Grimsby, mji wa bandari huku Uingereza, nikiwa nimeunga kebo za kilovolti 11 na 33 Tanga na Dar kwa miaka. Nikapewa kushika taa. Kebo za kutoka mnara hadi mnara siku hizi ni za kilovolti 66, na mtengenezaji wa viungio anataka uwe na cheti chake, kwa aina yake. Ukienda penye aina nyingine, unarudi darasani. Kuelekezwa na kijana wa umri wako, mbele ya watu, kuliniuma na bado kunaniuma.

Lakini sababu naielewa. Unamenya kebo tabaka kwa tabaka, waya za chuma kwanza, mpaka ufike lile tabaka jeusi lenye kaboni, na chini yake plastiki nyeupe inayozuia umeme. Nyeupe unaipiga msasa mpaka iteleze. Kisha unaifuta kutoka kwenye nyeupe kwenda kwenye jeusi, kamwe usirudi nyuma, usije ukavuta kaboni. Ukifuta mara moja, kitambaa unatupa. Vumbi kidogo likibaki humo, umeme utaila plastiki polepole, na siku kebo ikilipuka itatafutwa fomu yenye saini yako.

Wengi wetu ni watu wa mikataba, kwa hiyo kozi za marudio na cheti cha daktari tunalipa wenyewe. Majira ya baridi bahari ikichafuka, mawimbi yakipita mita moja na nusu hivi, boti nyingi hazivushi mtu kwenda kwenye ngazi ya mnara. Ndiyo miezi ambayo mama yako hunipigia kuuliza kulikoni pesa hazijafika, nami namjibu kwa mkato. Roho inanisuta.

Usije. Kaa hapo, maliza chuo cha ufundi, VETA, ukawasumbue mafundi wa kebo wakuchukue uwe msaidizi. Kebo ya bahari ya Tanga hadi Pemba iko tangu 2010, na ile ya kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar, hadi Fumba kule Unguja tangu 2013. Kazi hii kwetu si ngeni. Jifunze Kiingereza cha kazini, maana huku mtu asiyeelewa agizo la redio hapandi boti.

Lakini mwajiri akikuandikia barua mwenyewe, yenye udhamini wa viza, nitumie niisome. Ikiwa ya kweli, njoo hata kesho. Utalala kwangu, na kozi nitalipa mimi.

Mwambie mama yako asitie saini popote. Jumapili jioni nitapiga, na huyo wakala awepo, nizungumze naye.