Uwanda wa Shira bila kwenda kileleni: nendeni, ila mpande kwa miguu

Dada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama kuna maana ya kumpeleka baba yako mwenye miaka 61 kwenye uwanda wa Shira, ule upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kwa siku nne tu bila nia ya kufika kilele cha Uhuru. Pili, kama ni vyema kupanda gari hadi juu ili mzee asichoke. La kwanza nakujibu ndiyo, kwa moyo wote. La pili hapana, na hapo ndipo nitakapokaa kwa urefu, maana waliotangulia kukujibu wamelipita haraka.

Barabara ipo. Inaanzia Londorosi, lango la hifadhi upande wa magharibi, na kupanda hadi uwandani, na ndiyo inayotumika kushusha wagonjwa. Ukiifuata, asubuhi uko kwenye mita elfu mbili na kitu, na kabla ya chakula cha mchana umeshafika mita 3,500. Kule juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi inaleta oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unazoea kwa kulala, usiku baada ya usiku. Kanuni inayofuatwa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Gari linaivunja kanuni hiyo kwa saa chache, na mzee asiyechoka miguu atakesha akiumwa kichwa.

Kwa hiyo ingieni kwa njia ya Lemosho. Mnajiandikisha Londorosi, mnapelekwa hadi mwanzo wa njia, kisha mnatembea msituni hadi kambi ya Mti Mkubwa, kama mita 2,700. Siku hiyo ni fupi: kuna matope, mbega juu ya miti, na mizizi inayotaka uangalie unapokanyaga. Siku ya pili ndiyo nzito. Msitu unaisha, vinaanza vichaka vya erika, jua linawaka bila kivuli, halafu mnaupanda ukingo wa Shira. Mkifika juu yake, uwanda wote unafunguka mbele yenu na Kibo kikiwa kimesimama upande wa pili. Mzee apewe muda wa kukaa pale. Mwambie kwamba anachokitazama ni volkano iliyokufa: Shira ndiyo kongwe kuliko Kibo na Mawenzi, volkano nyingine mbili za Kilimanjaro, ilibomoka na kudidimia, kisha lava ya Kibo ikaja kulifunika shimo lake. Ule ukingo mliosimama juu yake ni sehemu ya mdomo uliobaki. Ukishajua hilo, mawe yote unayoyapita kesho yake yanakuwa na maana.

Kambi ya Shira 1 iko kwenye mita kama 3,500. Kutoka Mti Mkubwa hiyo ni mita 800 kwa siku moja, nyingi kuliko ninavyopenda, na ndiyo sababu nasisitiza mlale hapo usiku mbili. Mawakala wengi watataka kuwasogeza Shira 2 siku ya tatu, kwenye mita 3,850 hivi, kwa kuwa ratiba zao zimetengenezwa kwa watu wanaokimbilia kilele. Nyie hamna haraka hiyo. Siku ya tatu acheni mizigo kambini, mtembee kuelekea Shira Cathedral, ule mwamba wa mita 3,872 upande wa kusini, kisha mrudi kulala Shira 1. Mnapanda juu, mnalala chini, na mwili unashukuru. Sehemu ya mwisho ya mwamba ina mwinuko mkali. Mzee asipoitaka, chini yake napo ni pazuri, na siku ikiwa na mawingu geukeni mapema bila kujuta.

Sasa jambo ambalo watu hawaliamini mpaka liwakute: ule utambarare unadanganya. Kwenye njia nyingine mwinuko wenyewe unakupunguza kasi. Shira hakuna mwinuko wa maana, kwa hiyo kijana mwenye mapafu ya mpira anatembea kama yuko mjini, anacheka, anapiga picha, na saa moja jioni anasukuma sahani ya chakula mbali. Nimeliona hilo mara nyingi, na karibu kila mara anayeumwa ni yule aliyetangulia wenzake. Nguvu za mwili hazimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Umri wa baba yako haunitishi. Ningehofia zaidi asindikizwe na wajukuu wenye haraka. Kipimo changu ni kimoja: akishindwa kuongea sentensi nzima huku anatembea, kasi ipungue.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Anywe maji, apumzike, asipande zaidi. Kichwa kikiambatana na kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, hakuna kupanda mpaka vipite, na vikizidi ashuke. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, au kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu, ashushwe hapohapo hata kama ni usiku wa manane. Hapo ndipo ile barabara inapookoa maisha. Asetazolamidi inasaidia mwili kuzoea, lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, hasa kama mzee ana dawa nyingine anazotumia au mzio wa dawa za salfa.

Baridi msiidharau. Mchana mtavua masweta na jua litawaunguza pua; usiku maji yaliyobaki nje yanaganda. Kodini begi la kulalia linalohimili nyuzi kumi chini ya sifuri, Moshi yanapatikana, na mzee asivae jinzi wala fulana za pamba mwilini, maana zikilowa jasho hazikauki. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo bebeni za kudumu. Nendeni Januari au Februari, au kati ya mwishoni mwa Juni na Oktoba.

Na mtembee macho yakiwa wazi. Kandokando ya vijito kuna lobelia za mlimani, *Lobelia deckenii*, ambazo jioni hukunja majani yake kulinda moyo wa mmea usigande. Kuna pia senesio kubwa zinazobaki na majani makavu yamezunguka shina kama blanketi, na kwa kweli ndiyo kazi yake. Pofu na nyati hupanda hadi uwandani. Mara nyingi utaona nyayo na kinyesi tu, lakini kiongozi mzuri atakuonyesha walikopita.

Hakikisheni pia mizigo ya wapagazi haizidi kilo 20 kwa mtu, ndiyo sheria, na inapopimwa getini simameni muone wenyewe. Ukimuuliza wakala wapagazi wake wanalala wapi na wanakula mara ngapi, jibu lake litakueleza mengi kuhusu safari yenyewe.

Siku ya nne, kama magoti ya mzee yanalalamika, sasa gari linafaa: tembeeni hadi barabarani mshuke nalo, kwa kuwa kushuka haraka hakumdhuru mtu. Ila lipangwe kabla, liandikwe kwenye safari yenu, msilitafute mkiwa juu.

Na je, mzee akijisikia vizuri atake kuendelea hadi Uhuru? Hilo msiliamulie mkiwa juu. Kibali kinalipiwa kwa idadi ya siku na njia iliyotajwa, na chakula hubebwa kwa hesabu hiyohiyo. Kama unahisi atatamani, muulize sasa hivi mkiwa nyumbani, na akisema ndiyo panga siku nane za Lemosho tangu mwanzo, na usiku mbili za Shira 1 zibaki humohumo.